Kilomita Mia Moja Arobaini na Tatu Kichwani

Hapana, mjukuu wangu, kichwa chako hakijatoboka. Vuta hicho kigoda ukae. Umeniuliza mbona ukurasa umeusoma mara nne jana, ukaona umeingia wote, na leo mwalimu alipokuuliza umebaki kutoa macho. Mimi si mtu wa kuulizwa mambo ya shule, hilo unalijua. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Kusoma nasoma, lakini kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno moja, napumua, neno jingine. Ila hilo unaloniuliza niliwahi kuliona kwa macho yangu, ndani ya nyumba hii hii, kwa shangazi yako, na mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Ngoja nikusimulie. Na usinikatize, maana nikikatizwa napotea, halafu tunaanza upya.

Shangazi yako tulimwita Honi tangu mchanga, kwa sababu akilia, jirani wa nyumba ya tatu alikuwa anafungua mlango kuangalia kuna nini. Ukubwani akawa mkimya, jina likabaki. Kazi ya reli aliianza kwa kuosha mabehewa. Miaka sita na brashi na ndoo, anasugua vioo ambavyo watu wameegemeza vichwa vyenye mafuta. Halafu wakatangaza wanataka watu wa kufundishwa udereva. Akaomba, akachukuliwa. Watu tisa walichukuliwa, mwanamke yeye peke yake. Bibi yako alipopata habari alikaa sakafuni. Si kwamba alianguka, alikaa tu, akasema anapumzisha miguu.

Sasa watu wanadhani kuendesha treni ni kushika usukani. Treni haina usukani, mama. Inakwenda inakopelekwa na reli. Kazi ya dereva ni kujua. Treni nzito ukiifunga breki hapa, inasimama kule, kilomita nzima mbele, na siku nyingine zaidi. Kwa hiyo ukisubiri uione kona ndipo upunguze mwendo, umeshachelewa. Dereva anatakiwa aijue kona kabla haijaonekana. Ajue mteremko unaanzia nguzo gani, ajue wapi barabara inakatiza reli na watu wana haraka zao, ajue daraja gani halitaki mwendo wa zaidi ya thelathini. Yote kichwani. Njia yetu ni kilomita mia moja arobaini na tatu, kuanzia stesheni ya hapa nyumbani ambayo ni sifuri, mpaka kule mwisho, na kila nguzo ya kilomita ina mambo yake. Hupewi treni mpaka mtahini akae na wewe, akuulize, aridhike kwamba njia nzima umeimeza.

Basi shangazi yako akapewa kitabu cha njia. Kitabu kinene, kila ukurasa una kilomita zake. Akakisoma. Nakwambia alikisoma mpaka pembe zikawa kama masikio ya mbwa. Alinunua ile kalamu ya wino wa njano ya kupaka juu ya maneno, akapaka yaliyo muhimu, halafu akaona na mengine nayo ni muhimu, akapaka, mwisho kitabu kizima kikawa cha njano kama kimepikwa na manjano. Bibi yako akamuuliza, sasa hapo ambapo hapana rangi ndipo penye maana, au? Alikuwa anakaa pale mezani anakisoma toka mwanzo mpaka mwisho, anafunga, anaanza tena. Na mimi nilikuwa namwangalia najivunia. Nilijua huyu ameshapita. Hata wewe ungejua hivyo.

Siku ya mtihani mtahini akamwekea swali la kwanza. Mtu mwenyewe si mbaya, mzee mmoja mwembamba, mpole, ila uso wake haukuambii kitu. Akamwambia: una treni, uko kilomita ya sabini na tisa, unarudi nyumbani. Mbele yako kuna nini?

Unajua kilichotokea? Alikuwa amekariri njia yote, lakini ya kwenda. Toka sifuri kwenda mia moja arobaini na tatu. Ni kama mimi nikikuuliza herufi gani iko nyuma ya R, utaanza kuimba toka A mpaka ufike. Akaanza kukimbia kichwani toka sifuri, nguzo kwa nguzo, aifikie sabini na tisa, halafu ajaribu kugeuka. Na ukigeuka kila kitu kinageuka na wewe: ulipopanda panakuwa mteremko, kona ya kushoto inakuwa ya kulia. Mtahini akasubiri, akasubiri, akamuuliza swali jingine, la kilomita ya mia na kumi. Hivyo hivyo. Akafunga faili lake, akamwambia kwa upole kwamba treni isingemsubiri.

Wanatoa nafasi mbili. Ya pili ilikuwa baada ya wiki kumi. Ukishindwa ya pili unarudi kwenye ndoo yako na brashi yako, na maombi ya udereva huandiki tena maishani.

Alirudi nyumbani jioni ile. Kesho yake nikamkuta pale mezani na kitabu kile kile, na kalamu mpya. Safari hii ya kijani.

Nikamwambia, mwanangu, kifunge hicho kitabu. Akadhani namwambia apumzike. Nikamwambia hapana, kifunge ndipo usome. Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mzazi anayeanza kuchanganyikiwa. Akaniambia kwa heshima zote, baba, mitihani ya siku hizi si kama ya zamani. Maana yake, wewe wa darasa la nne kaa kimya. Sikukasirika. Nilimwambia ageuze kiti, aangalie ukuta, nikamuuliza: tuko daraja la mto mdogo, kilomita ya tisini na nne, tunarudi nyumbani, niambie kilomita tano za mbele. Akaanza tena kuhesabu toka sifuri.

Nikamwambia mimi sasa. Nikafumba macho. Nikamwambia ukitoka darajani kuna tuta refu, kokoto zake nyeusi, halafu kona ya kulia inayokubana kidogo, halafu mtaro upande wa mkono wa kushoto, halafu mataruma yanayobeba reli, arobaini hivi ya mbao katikati ya yale ya zege, kwa sababu zege liliwaishia, halafu barabara ya machimbo inakatiza, halafu unaanza kupanda, na unapanda mpaka nguzo ya themanini na tisa. Kaka yake, yaani baba yako, alikuwa amekaa na kitabu, anafuata kwa kidole. Akasema mambo ya mataruma humu hayamo, lakini mengine yote ni sawasawa.

Nilikuwa nimestaafu kazi ya kutengeneza reli miaka kumi na mmoja wakati huo. Miaka kumi na mmoja sijakanyaga pale.

Shangazi yako akageuza kiti chake taratibu. Akaniuliza, "Baba, hayo uliyasoma wapi?"

Nikamwambia sikusoma. Niliulizwa.

Ndipo nikamweleza habari za Mzee Geuka. Huyu alikuwa mnyapara wetu, na jina lake halisi hata kwenye mazishi yake wengi tulikuwa hatulijui. Genge letu lilikuwa la kuzunguka, tunapelekwa popote reli ilipoharibika, kwa hiyo miaka thelathini na moja niliitembea njia yote kwa miguu, nyundo begani. Na Mzee Geuka alikuwa na kawaida yake. Mnatembea, mmetulia, mnapiga domo, mara anasimama. Anasema, geukeni mnitazame mimi. Tunageuka, tunaipa mgongo njia tuliyotoka. Anauliza: kuanzia nguzo ile ya nyuma mpaka hapa mmepita mataruma mangapi yenye ufa? Bolti gani imelegea, ya ndani au ya nje? Mwanzoni tulikuwa hatujui lolote. Tulikuwa tumeangalia, lakini hatukuona. Na alikuwa hakwambii jibu. Anakuacha uumie, ukisie, ukosee, halafu ndipo anakurudisha ukaone mwenyewe. Ukishakosea ukaenda kuona, mama, lile la kuona halikutoki tena.

Na hakuishia hapo. Kesho asubuhi kwenye banda la vifaa, kabla hamjagawiwa nyundo, anakuuliza ya jana. Halafu anaacha. Unadhani ameshasahau, na wewe unaanza kusahau. Siku ya nne anakuuliza tena, mko mnakunywa maji. Halafu wiki mbili kimya. Halafu siku moja, huna hili wala lile, umeshika sepetu, anakuuliza. Alikuwa anasubiri jambo lifike mlangoni, linataka kukutoroka, ndipo anakwambia likamate. Tulimwona mkorofi. Tulisema huyu hana kazi ya kufanya. Mpaka nilipozeeka ndipo nikaelewa kwamba yule mzee, ambaye barua aliandikiwa na karani, alikuwa anajua kitu kuhusu kichwa cha binadamu ambacho sisi wengine, wenye kichwa hicho hicho, hatukijui.

Basi tukaanza. Baba yako alikata makasha ya viatu akatengeneza vikaratasi, akaandika upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Mia tatu na kitu. Tukatafuta makopo matatu ya maziwa. Swali alilokosa linakaa kopo la kila siku. Akilipata, linahamia kopo la siku ya tatu. Akilipata tena, linakwenda kopo la wiki. Akilikosa tu, hata liwe limekaa kopo la wiki kama mfalme, linarudi kopo la kwanza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuingiza mkono na kuchomoa bila kuangalia. Baba yako anasoma, maana mimi ningesoma mpaka treni ishike kutu.

Alichokichukia zaidi ni kule kuchanganya. Alitaka twende kwa mpangilio, arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili. Mimi nachomoa mia na thelathini ya kwenda, halafu kumi na tisa ya kurudi, halafu sitini na tatu. Anapiga meza. Anasema ukinipangia nayajua yote. Nikamwambia ndiyo, ukipangiwa unajua kilichofuata, hujui kilichopo.

Na wiki mbili za mwanzo, nikwambie ukweli, alikuwa mbaya kuliko kabla. Kopo la kwanza limejaa pomoni, makopo mawili yana vikaratasi viwili vitatu. Alipokuwa anasoma na rangi yake ya njano alikuwa anajisikia anajua. Sasa kila siku anajisikia mjinga. Siku moja alivimwaga vyote sakafuni, akasema baba umenimaliza, mtihani umebaki wiki nane, na hata yale niliyokuwa nayajua yamekimbia. Nikashikwa na hofu, sikufichi. Nilijiuliza kama kweli namharibia mtoto maisha kwa ajili ya michezo ya wazee wa nyundo. Usiku sikupata usingizi mzuri. Lakini asubuhi nilipotoka chumbani nikamkuta ameviokota, amevipanga, ameshageuza kiti anatazama ukuta.

Bibi yako naye akapewa kazi, au tuseme aliichukua mwenyewe. Hajawahi kujua treni zaidi ya kupanda na kushuka. Shangazi yako alikuwa anakwenda jikoni kumweleza kilomita kumi kila jioni, na bibi yako, unamjua, haachi kitu kipite. Anauliza kwa nini unaongeza mwendo na umeniambia mbele kuna kona? Kwa sababu kabla ya kona kuna mlima, mama, nisipochukua nguvu sifiki. Kwa nini usichukue nguvu mapema zaidi? Kwa sababu mapema zaidi kuna barabara inakatiza. Kwa nini barabara hawakuipitisha juu? Hapo shangazi yako anakwama, anarudi kitabuni, anakuta kumbe pale ardhi ni ya chini, maji yanasimama. Akitoka jikoni kilomita kumi zile si orodha tena. Zinashikana mikono, moja inaivuta nyingine. Bibi yako ndiye pia aliyemkataza kukesha. Ikifika saa tatu anazima taa ya sebuleni, anasema kichwa nacho kinataka kufunga duka kihesabu mali yake.

Mara mbili kwa wiki alikuwa anapanda kwenye kichwa cha treni na dereva mzee, aangalie njia. Nikamwambia ukishuka, usifungue kitabu. Kaa kwenye benchi la stesheni, fumba macho, iendeshe tena safari yote uliyotoka kuiona, ujisemee kwa sauti kila kitu ulichokiona na kukisikia. Ukimaliza ndipo ufungue. Watu wa stesheni wakaanza kunong'ona kwamba binti wa mzee wa genge anaongea peke yake. Muuza magazeti akawa anamuuliza, leo umefika salama?

Kufika wiki ya sita nikaona kitu. Naingiza mkono kopo la kwanza, nagusa chini. Kopo la wiki linafurika. Nachomoa swali, baba yako hajamaliza kulisoma, jibu limeshatoka. Tena si jibu la mtu anayekimbia toka sifuri. Anasimama pale pale nilipomweka, anageuza kichwa mbele, anageuza nyuma, kama mtu aliyesimama uani kwake. Siku hiyo niliacha kuchomoa nikawa namwangalia tu paji la uso. Hapa ni upana wa kiganja, mama. Weka mkono wako uone. Na humo ndani kulikuwa na madaraja kumi na moja.

Mtihani wa pili ulipangwa hivi: wanakwenda na treni ya asubuhi mpaka mwisho wa njia, maswali anaulizwa ofisini kule, halafu anarudi anaendesha yeye mchana, mtahini amekaa pembeni yake. Akishindwa lolote kati ya hayo mawili, kwisha. Mimi nikapanda treni hiyo hiyo, behewa la kwanza. Nilimwambia bibi yako nakwenda kumsalimia rafiki. Akaniambia msalimie sana huyo rafiki mwenye sare ya reli.

Kule mwisho nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Dirisha lilikuwa wazi. Sikukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana mlango. Mtahini akauliza kilomita ya mia na kumi, kurudi. Nikasikia sauti ya shangazi yako, imetulia, mteremko umeshaanza, breki kidogo, kona ya kushoto, mwendo arobaini, nguzo ya taa iko nyuma ya mti. Akauliza ishirini na sita, kwenda. Akajibu. Akauliza mbili kwa pamoja, awe amesimama sabini na tisa, aambiwe kilichoko mbele na kilichoko nyuma. Akajibu zote mbili. Maswali yalikuwa hamsini. Karibu na mwisho mtahini alikuwa anauliza polepole zaidi kuliko alivyokuwa anajibiwa. Nikavua kofia yangu. Sijui kwa nini niliivua, hakuna aliyekuwa ananiona.

Treni ikaondoka saa sita na dakika ishirini. Nikavua viatu, nikaweka nyayo sakafuni. Abiria wa mbele yangu akaniangalia, nikamwambia miguu inawaka. Lakini nilikuwa naisoma njia. Huo ndio usomaji wangu mimi. Reli inapita chini ya nyayo, naijua kila sehemu kwa mlio wake, na kila mahali nilipotegemea mwendo upungue, unapungua. Kabla ya kona, si kwenye kona. Kabla ya daraja. Taratibu, chai isingemwagika kikombeni. Mwanangu yuko kule mbele sijamwona, ukuta wa chuma uko katikati yetu, na mimi nasikia anachokikumbuka kinavyokuja mpaka kwenye nyayo zangu. Sijawahi kusali ndani ya treni. Siku ile midomo ilikuwa inacheza yenyewe.

Tukapita stesheni ya tano. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, mashamba yamelowa. Tunakaribia kilomita ya hamsini na mbili, pamenyooka, kitabu kinaruhusu sitini, hakuna kona, hakuna daraja, hakuna kitu. Ghafla nikasikia breki. Mwendo unapungua. Unapungua zaidi. Tukawa tunatambaa kama thelathini hivi.

Nilijua moja kati ya mawili. Ama amechanganya, ameona sitini na mbili penye daraja badala ya hamsini na mbili, na basi yote yamekwisha. Ama amejua. Lakini angejuaje? Maana pale, mjukuu wangu, pana siri. Chini ya tuta lile kuna kalavati, bomba la zege la kupitisha maji, na ardhi yake inakunywa maji kama mlevi. Enzi zetu kila mvua ikinyesha tuta linazama inchi moja, mbili, na sisi tunakwenda kujaza kokoto. Mwaka niliostaafu wakajenga kalavati jipya, wakasema ugonjwa umepona, na alama ya tahadhari wakaitoa kitabuni. Mimi mwenyewe niliamini. Kwenye vikaratasi vyetu mia tatu hapakuwa na cha hamsini na mbili. Sikumwambia mimi, wala hakuna mwingine aliyemwambia.

Halafu sakafu ikashuka chini ya nyayo zangu. Kidogo sana, kama kigugumizi. Ikapanda. Tukapita. Na mwendo ukaanza kuongezeka tena, pole pole, mpaka sitini.

Nilikaa pale machozi yananitoka, na yule abiria wa mbele akaniambia mzee, hiyo miguu kaionyeshe kwa daktari.

Yaliyosemwa kule mbele shangazi yako alinisimulia mwenyewe baadaye. Mtahini alimuuliza kwa nini amekata mwendo mahali kitabu kinasema sitini. Akamjibu kwamba kila aliposhuka kwenye treni akakaa benchi kuisimulia safari, kuna kitu kilikuwa kinatoka mdomoni mwake ambacho akifungua kitabu hakikuti: hapa hamsini na mbili, injini inakohoa. Mara ya kwanza alidhani amekosea. Mara ya pili akakumbuka kwamba mara zote mbili ilikuwa baada ya mvua. Mara ya tano akaacha kujilaumu.

Mtahini akamwambia, "Lakini kitabu hakisemi."

Akamjibu, "Kitabu hakijapita pale na mvua, mkuu."

Ungekisoma kile kitabu mara mia, mjukuu wangu, na rangi saba, usingelipata hilo. Lilipatikana kwa sababu alifunga kitabu akajiuliza alichokiona.

Tulipofika stesheni ya nyumbani nilikuwa wa kwanza kushuka, viatu nimevishika mkononi. Mtahini akateremka kutoka kwenye kichwa cha treni, shangazi yako nyuma yake, uso umemkauka kama karatasi. Yule mzee akaweka faili lake juu ya toroli ya mizigo. Kwanza alichukua penseli, akafungua kitabu chake mwenyewe cha njia, akaandika kitu kwenye hamsini na mbili. Aliandika pole pole, kama mimi. Halafu akachukua kalamu ya wino, akatia sahihi kwenye karatasi ya shangazi yako, akampa mkono. Akasema tangu aanze kutahini, kitabu chake kimeongezwa neno na mwanafunzi mara mbili tu, na hii ndiyo ya pili.

Shangazi yako hakupiga kelele wala nini. Aliniona, akaniuliza, baba, viatu umevifanya nini? Nikamwambia nilikuwa nasoma.

Tukarudi kwa miguu. Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni, na baba yako nyuma yake, shati amelifunga vifungo vibaya. Shangazi yako akamwonyesha karatasi. Bibi yako akaishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na unga, akaitazama sahihi ile muda mrefu, ingawa ilikuwa haisomeki, kisha akairudisha, akamgusa mwanawe utosini, kiganja kizima, akauacha mkono pale kama mtu anayepima chungu kama bado kina moto. Na sisi tukawa tumesimama tu katikati ya nyumba, watu wazima wanne, hakuna anayejua aanzie wapi.

Chakula kilikuwa tayari tangu saa nane. Baba yako akavuta benchi. Mimi nikanawa. Bibi yako akaleta sahani, akarudi kuleta chumvi, akarudi tena kuleta maji, akawa anatafuta kingine cha kurudia jikoni, mpaka shangazi yako akamshika mkono akamwambia, mama, kaa. Akakaa. Tukasogeza vigoda, tukakaa wote, tukala.